Tupeane uzoefu: basi la mjini, dharau ya watu na fedha za kuliendesha

Mleta mada:
Ndugu zangu, naomba tukusanye hapa yale tuliyoyaona wenyewe kuhusu mabasi ya mjini: namna watu wanavyoyatazama, na namna fedha za kuyaendesha zinavyopatikana au kukosekana. Kila mjadala wa usafiri wa umma huishia kumlaumu dereva na kondakta, ilhali mengi yanayomuudhi abiria huwa yamekwisha kuamuliwa mezani miezi mingi kabla basi halijatoka karakana.

Uzoefu wangu ni wa kazini. Nilikuwa mhasibu katika mamlaka ya mji mmoja iliyokuwa na mabasi yake, na mwaka hadi mwaka niliona kwamba fedha za kununua mabasi hupatikana kwa urahisi kuliko fedha za kuyaendesha. Mabasi mapya yana sherehe. Kiongozi hukata utepe, picha hupigwa, na mkopo wa kuyanunua hupita kwenye bajeti ya maendeleo bila ubishi mkubwa. Mafuta, matairi, vipuri na mishahara ya madereva ni matumizi ya kawaida, na hayo ndiyo hukatwa kwanza mapato yanapopungua. Katika karakana yetu kulikuwa na safu ya mabasi yaliyoegeshwa ukutani, rangi yake bado ikimetameta, yakiwa yameng'olewa taa, vioo vya pembeni na pampu ili mengine yaendelee kutembea. Mwananchi aliyesimama kituoni aliona tu kwamba mabasi yalinunuliwa na hayaonekani, akaamini kwamba fedha zimeliwa. Mwaka uliofuata madiwani walikataa ombi letu la fedha za vipuri kwa hoja kwamba wananchi wamekwisha kukata tamaa na mabasi.

Mambo haya hutokea hata penye fedha nyingi. Mwaka 1998 sheria ya Marekani iliondoa kwa sehemu kubwa msaada wa serikali kuu wa gharama za uendeshaji kwa maeneo ya miji yenye watu zaidi ya 200,000, ukabaki ule wa kununua vyombo na kujenga. Ilibidi lije janga la Uviko, mwaka 2020, ndipo Bunge la nchi hiyo likatenga dola bilioni 25 za usafiri wa umma ambazo ziliruhusiwa kulipa hata mishahara ya madereva.

Mchangiaji wa kwanza:
Mimi ni dereva, na ninaishukuru mada hii kwa sababu sisi ndio tunaotukanwa. Nitaeleza jambo moja ambalo abiria wengi hawaelezwi. Gharama kubwa ya basi hufuata saa linazokaa barabarani kuliko kilomita linazotembea, kwa kuwa dereva analipwa kwa muda. Njia yetu ilipokuwa wazi, mzunguko mmoja, kwenda na kurudi, ulichukua dakika 60, na mabasi 6 yalitosha kupita kila baada ya dakika 10. Foleni ilipoongezeka hadi mzunguko ukafika dakika 90, yalihitajika mabasi 9 kwa huduma ileile, nauli ileile, abiria walewale. Hatukuongezewa hata moja, kwa hiyo abiria akangoja dakika 15. Ripoti iliyoandikwa ilisema kwamba madereva wamezembea.

Tuliomba njia maalumu ya mabasi katika kipande kifupi chenye foleni kubwa zaidi. Ilichorwa, lakini baada ya muda mfupi ikafutwa kwa sababu wenye magari walilalamika kwamba ilionekana tupu. Kwa kweli basi lenye abiria 60 hupita mara moja na kuacha lami wazi nyuma yake, na hiyo ni dalili kwamba njia inafanya kazi.

Kuhusu dharau, kuna abiria wangu mmoja wa asubuhi, mtu wa suti na mkoba, ambaye huomba ashushwe kituo kimoja kabla ya ofisi yake. Sikuwahi kumuuliza sababu. Siku ya mvua kubwa nilimwambia kwamba nitampeleka hadi mlangoni pake, akakataa kwa adabu, akafungua mwavuli na kutembea.

Mchangiaji wa pili:
Mimi ni muuguzi wa zamu. Basi la mwisho la usiku lilifutwa kwa maelezo kwamba lilikuwa na abiria wachache. Tangu hapo sipandi hata la mchana, kwa sababu siwezi kwenda kazini kwa chombo ambacho hakitanirudisha nyumbani. Katika hesabu zao nimehesabiwa kama abiria mmoja wa usiku aliyepotea, ilhali wamenipoteza mara mbili.

Mchangiaji wa tatu:
Ndugu mleta mada, naomba niseme jambo ambalo huenda lisipendwe. Mimi nina gari na sipandi basi. Nalipa kodi, na sioni kwa nini nimlipie mtu mwingine nauli yake. Kama huduma ni nzuri, ijilipie yenyewe.

Mleta mada:
Nakushukuru ndugu kwa kusema wazi, maana wengi wanaofikiri hivyo hukaa kimya na kupiga kura. Barabara unayopita nayo haijilipii yenyewe. Ila hatusemi kwamba inapewa ruzuku, tunasema imejengwa. Pia anayenufaika na basi si abiria peke yake. Mwajiri hunufaika wafanyakazi wanapofika kwa wakati, na ndiyo hoja iliyoifanya Ufaransa, kuanzia eneo la Paris mwaka 1971, kuwatoza waajiri mchango wa usafiri unaokokotolewa kwa mishahara. Leo unawahusu wenye wafanyakazi 11 au zaidi. London ilianza tarehe 17 Februari 2003 kutoza magari yanayoingia katikati ya jiji, na sheria ikataka mapato yarudi kwenye usafiri.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa Stockholm, mji mkuu wa Uswidi, kwa sababu ya mpangilio wake. Mabasi yaliongezwa mwaka 2005, na majaribio ya tozo ya msongamano yakafuata kuanzia Januari hadi Julai 2006. Kabla ya majaribio wakazi wengi walipinga. Septemba mwaka uleule wengi wa wapiga kura wa jiji hilo waliunga mkono tozo iendelee. Walipewa basi kwanza, kisha wakaulizwa.

Mchangiaji wa nne:
Nimo katika kikundi cha abiria kinachohudhuria vikao vya bajeti. Katika kikao kimoja barabara ya juu ilipita bila swali hata moja, kisha ruzuku ya mabasi, ambayo ilikuwa sehemu ndogo sana ya gharama ya barabara ile, ikajadiliwa mstari kwa mstari hadi jioni. Diwani mmoja aliuliza kwa nini tunanunua sabuni ya kuoshea viti. Nilitazama maegesho ya nje tulipotoka: hakuna hata mmoja wa waliopiga kura aliyekwenda kituoni.

Waliotutia moyo ni abiria wa Los Angeles, ambao mwaka 1994 waliishtaki mamlaka ya usafiri wakidai kwamba inamwaga fedha kwenye reli na kuwaacha wapanda mabasi, wengi wao maskini na wasio Wazungu, wakisongamana. Mwaka 1996 mamlaka ilikubali mbele ya mahakama kupunguza msongamano huo. Tumejifunza pia kwa Seattle, jiji jingine la Marekani. Aprili 2014 wapiga kura wa wilaya yake, King County, walikataa kodi ya usafiri na barabara. Novemba wakazi wa jiji lenyewe wakakubali kodi iliyonunua saa zaidi za huduma ya mabasi katika njia zao.

Kwa hiyo kikundi chetu hakiombi tena "usafiri bora". Barua tuliyoiwasilisha inaitaka halmashauri itaje, kwa kila njia, itanunua saa ngapi za huduma mwaka ujao, basi litapita kila baada ya dakika ngapi, na la mwisho litaondoka saa ngapi usiku. Hadi sasa tumejibiwa swali moja tu kati ya hayo, la idadi ya saa, na tumeomba kurudi kikao kijacho kwa yaliyobaki.