Muvi za merikebu zilizotoka kwenye riwaya: Aubrey, Bligh au Ahab?

Tanga_Moja: Wakuu, salaam. Tuna klabu ndogo ya vitabu, na safari hii tunataka kusoma riwaya moja ya baharini kisha tuangalie muvi yake pamoja. Zimebaki tatu mezani: Master and Commander ya 2003 (nahodha ni Aubrey), Mutiny on the Bounty (ya 1935 au ya 1962, nahodha ni Bligh), na Moby Dick ya 1956 (nahodha ni Ahab).

Mimi naegemea ya kwanza. Mwongozaji, Peter Weir, hakuhangaika kuibeba riwaya nzima. Alichukua maisha ya ndani ya merikebu, kisa akakikata alivyotaka. Kwenye The Far Side of the World ya Patrick O'Brian ni mwaka 1812 na Aubrey, nahodha wa Kiingereza, anaifukuza manowari ya Wamarekani. Kwenye muvi ni 1805 na adui ni Mfaransa. Wapo wanaosema Hollywood iliogopa kumfanya Mmarekani kuwa adui. Huenda, ila mimi hainiwashi. Semeni yenu, na mtoe sababu, msinipe nyota tupu.

Msomaji_Mbishi: Mkuu, tatizo si Mfaransa. Tatizo ni Maturin, daktari wa merikebu na rafiki wa Aubrey. Vitabuni yule ni jasusi, nusu Mwairishi nusu Mkatalani, mtu wa siri na kisasi. Paul Bettany anaigiza vizuri sana, sikatai, lakini amebakiziwa udaktari na wadudu. O'Brian alimaliza riwaya 20 za hawa jamaa wawili, na utamu wake ni kwamba Aubrey ni simba baharini lakini akikanyaga nchi kavu anatapeliwa na kila mtu. Muvi karibu yote iko baharini, kwa hiyo nusu ya Aubrey imepotea.

Shetri: Mbishi, hiyo nusu iliyobaki umeiangalia vizuri? Nimekulia kwenye majahazi, na muvi nyingi za bahari hunichekesha: tanga limejaa upepo huku, bendera inapepea kule. Hii walitumia meli ya kweli, Rose, waliyoigeuza kuwa Surprise. Mawimbi ya Cape Horn, ncha ya kusini ya Amerika Kusini, ni ya Cape Horn kweli. Mpiga picha alipandishwa kwenye meli iliyojengwa kwa mfano wa Endeavour, merikebu ya Kapteni Cook, ilipokuwa inazunguka pale. Na visiwa vya Galapagos ni Galapagos yenyewe.

Halafu kuna ile dhoruba. Mlingoti wa nyuma unavunjika, baharia anaanguka nao majini, na ule mlingoti uliokatika, bado umefungwa kwa kamba, unaivuta merikebu ipinduke. Jamaa anaogelea kuufuata, anaushika, anapiga kelele. Aubrey anaamuru kamba zikatwe, na mmoja wa wanaoshika shoka ni rafiki wa yule anayezama. Hakuna hotuba, unasikia shoka tu. Kila aliyewahi kusafiri na chombo cha tanga anajua uamuzi ule haungoji kikao. Muvi iliteuliwa Oscar 10 ikapata 2, ya upigaji picha na ya uhariri wa sauti, na ya sauti mimi ningewapa mara mbili. Mbao zinalia, ngama inalia, ile sehemu ya chini ya chombo maji yanakokusanyika, mpaka unataka kwenda kuyatoa maji.

BintiForodhani: Ahsante Shetri, ila mimi napigia Bounty, na sababu yangu ni shelisheli. Nyie wa pwani mnaokula shelisheli la kuchoma, mnajua ile meli ilitumwa Tahiti kuchukua miche yake? Zaidi ya 1,000, ipelekwe visiwa vya Karibi kuwa chakula rahisi cha watumwa. Maji ya kunywa yanagombewa kati ya mabaharia na miche! Maasi yalipotokea 1789, waasi waliitupa miche yote baharini.

Ila Tanga_Moja, chukua ya 1935. Charles Laughton, anayeigiza Bligh, anaijaza skrini kwa mdomo ule tu. Yeye, Clark Gable na Franchot Tone wote waliteuliwa mwigizaji bora mwaka mmoja, na hakuna aliyeipata. Muvi yenyewe ndiyo ikachukua tuzo ya muvi bora. Ile ya 1962 ina rangi na Tahiti nzuri, lakini lafudhi ya Marlon Brando ilinishinda mapema.

Msomaji_Mbishi: Dada, Laughton anatisha, ila huyo si Bligh. Wamemfanya achape maiti viboko! Na wamemweka mwenyewe kwenye Pandora, meli iliyotumwa kuwakamata waasi, akiwasaka, wakati nahodha wa Pandora alikuwa Edward Edwards. Bligh wa kweli alitoswa kwenye mashua ya mita saba na watu 18, akawafikisha Timor, zaidi ya kilomita 6,000. Mtu wa namna hiyo huwezi kumfanya kikaragosi.

BintiForodhani: Nahodha hodari na mtu mbaya wanaweza kukaa kwenye kanzu moja, kaka. Waulize waliofanya kazi chini yake.

Kaskazi: Mmeisahau Moby Dick kabisa. Kwangu ndiyo ngumu zaidi kugeuza, maana Melville anaacha kisa na kukufundisha nyangumi sura baada ya sura. John Huston na Ray Bradbury waliyafyeka yale yote. Wakamfuta pia Fedallah, mpiga chusa wa Ahab, halafu kifo chake wakampa Ahab: anayefungwa na kamba ubavuni mwa nyangumi kitabuni ni Fedallah. Nadhani walipatia. Ule mkono wa Gregory Peck unaopunga huku na huku kama unawaita wenzake, kitabu hakina. Nyangumi wao wa bandia, hapo nanyamaza.

Tanga_Moja: Mbishi amenitikisa kuhusu Maturin, lakini Shetri ndiye amenimaliza. Tutasoma Master and Commander yenyewe, riwaya ya kwanza, maana kule kwenye The Far Side of the World utakuta watu wameshajuana. Ile operesheni ya fuvu juu ya sitaha mnayoiona kwenye muvi ilitoka kwenye hiyo riwaya ya kwanza. Bounty ya 1935 tutaiweka mwezi unaofuata, na BintiForodhani ataleta shelisheli.

BintiForodhani: Nitaleta. Mkaa juu yenu.