Tupeane uzoefu: mazabodi na vifaa vya mashine ya kurenda

MchoraRamani
Wakuu, heshima kwenu. Nyuzi za mashine za gemu zimejaa kila kona, lakini kurenda, yaani kompyuta kugeuza modeli ya 3D kuwa picha, ni kazi nyingine. Anayefuata ushauri wa gemu huishia na mazabodi (ubao mama) yenye taa za rangi saba na sloti moja tu ya maana. Tuweke hapa yanayojulikana: mazabodi gani, RAM kiasi gani, pawasaplai ya ukubwa gani, na kipi huharibika kwanza. Lengo ni Blender na injini yake ya kurenda, Cycles, picha za majengo na uhuishaji mfupi, kadi moja ya picha (GPU) kwa sasa na nafasi ya kuongeza ya pili. Anayetaja kifaa ataje na sababu.

Kokoto3D
Usianze na mazabodi, mkuu. Anza na programu ya kurendea, maana ndiyo inayoamua pesa iende wapi. Corona hutumia prosesa peke yake. Iwekee kadi ya bei iliyochangamka, kadi itakaa inatazama tu. Octane na Redshift zimejengwa kwa ajili ya kadi. Cycles, V-Ray na Arnold zinakwenda kote kuwili. Kwa Cycles pesa ya kwanza iende kwenye kadi ya NVIDIA kwa sababu ya OptiX (teknolojia yao ya kuharakisha renda), na kabla ya kuuliza kasi ya kadi uliza VRAM, yaani kumbukumbu ya ndani ya kadi.

Hesabu ni hii. Picha ya rangi ya 8K, yaani pikseli 8192 kwa 8192, ikishafunguliwa ndani ya kadi inakula MB 256, hata kama kwenye diski ni JPG ya MB 10. Weka sakafu ya mbao, marumaru, zulia na majani ya bustani. Ukifika picha 40 za namna hiyo umekwisha kula GB 10 kabla hujahesabu umbo hata moja. Kadi ya GB 12 hapo iko ukingoni. Cycles haifi papo hapo: huanza kumwagia sehemu kwenye RAM ya kawaida na kasi inashuka, ikizidi ndipo inagoma kabisa. Dawa ya bure ipo: zulia lililo mbali na kamera halihitaji 8K. Lishushe hadi 2K, linabaki MB 16.

Kingine, kadi mbili za GB 24 si GB 48. Kila kadi hupakia mandhari yote kivyake, kwa hiyo unaongeza kasi, si nafasi. RTX 3090 zinaweza kugawana kumbukumbu kwa kiungo cha NVLink. 4090 na 5090 hazina kiungo hicho.

BiSloti
Haya, mazabodi sasa. Kwa Ryzen (prosesa za AMD) za soketi ya AM5, prosesa ina njia 28 za PCIe, yaani mikondo ya data kwenda kwenye vifaa; nne zinaishia kwenye chipuseti (chipu ya mazabodi inayounganisha vifaa vingine), zinabaki 24. Mgawanyo wa kawaida ni 16 kwa kadi na nne nne kwa SSD mbili za M.2. Hapo ndipo watu wanapopigwa. Mazabodi nyingi za B650 zina sloti ndefu mbili, lakini ile ya chini ni ndefu kwa sura tu: ndani ina njia nne zinazotoka kwenye chipuseti, nyingine ina njia moja. Na chipuseti nayo inazungumza na prosesa kwa njia nne zilezile, ikigawana na SATA, USB na mtandao.

Fungua ukurasa wa vipimo vya mazabodi, shuka hadi sehemu ya sloti za upanuzi, utafute maandishi x8/x8. Maana yake ukichomeka kadi mbili kila moja inapata njia nane za moja kwa moja kutoka kwenye prosesa. ASUS ProArt X670E-Creator na X870E-Creator zinafanya hivyo, na zina mtandao wa gigabiti 10 ndani. Soma pia yale maandishi madogo ya chini: kuna mazabodi ambazo ukijaza sloti fulani ya M.2, sloti ya kadi inashuka kutoka 16 hadi nane bila kukuambia kitu.

Njia nane zinatosha? Kwa kurenda, ndiyo. Mandhari hupakiwa kwenye kadi mara moja, kisha kadi inahesabu kimya kimya. Hata njia nne zinafanya kazi, ila kwenye uhuishaji wenye fremu fupi za sekunde chache utaona muda mwingi unaishia kwenye kupakia. Washa Persistent Data kwenye mipangilio ya Cycles ili isipakie upya yale yasiyobadilika kati ya fremu na fremu. Inakula kumbukumbu zaidi, kwa hiyo isikukute VRAM imejaa.

Halafu chukua rula. Kadi nyingi za 4090 ni nene kuliko nafasi tatu. Sloti ya pili ikiwa nafasi tatu chini ya ya kwanza, kadi ya juu inaifunika, au feni zake zinabaki zikivuta hewa kwenye mgongo wa mwenzake. Anayepanga kadi mbili anunue zenye unene wa nafasi mbili, au kasha linalokubali kadi moja ikae wima kwa waya wa upanuzi.

NyuziThelathini
Dada BiSloti amesema vizuri, lakini kwa nini kubanana na AM5? Chukua Threadripper, prosesa kubwa za AMD, kwenye mazabodi ya TRX50, njia 88, RAM chaneli nne, maneno yameisha.

BiSloti
Maneno hayajaisha, kaka, bei ndiyo kwanza inaanza. Prosesa hizo ni za wati 350, RAM yake ni RDIMM (aina ya seva), na hiyo RDIMM ya DDR5 haiingii kwenye sloti ya DDR5 ya kawaida wala ya kawaida haiingii kwake. Lazima uweke vipande vinne, maana ukiweka viwili umetupa nusu ya upana wa kumbukumbu uliolipia. TRX50 ina maana kwa anayeweka kadi tatu au zaidi, au anayerenda kwa Corona kutwa nzima na kutaka viini 32 au 64. Kwa Cycles na kadi mbili, tofauti hiyo ya pesa inanunua kadi yenyewe.

NyuziThelathini
Kwa Corona nasimama palepale. Kwa Cycles umenishinda.

JotoLaPwani
Kuna jambo halijaguswa: umeme wa prosesa ndani ya mazabodi. Ryzen 9 9950X imeandikwa wati 170, lakini soketi inaruhusiwa hadi 230. Mchezaji gemu hafiki huko kwa muda mrefu. Anayerenda anafika na kukaa huko saa nane mfululizo. Mazabodi ya bei ya chini, hasa A620 na zile B650 zisizo na hitisinki ya maana pembeni ya soketi, saketi yake ya kulisha prosesa inachemka, halafu inaibana prosesa ili isiungue. Dalili: renda inaanza kwa kasi nzuri, baada ya dakika kumi na kitu kasi ya viini inashuka huku joto la prosesa lenyewe halitishi. Fungua HWiNFO, programu ya kusoma joto, uangalie kipimo cha VRM (ndiyo hiyo saketi), si cha prosesa pekee.

Ukiwa Mombasa, Tanga au Dar kwenye chumba kisicho na kiyoyozi, ingia BIOS (mipangilio ya msingi ya mazabodi) uwashe Eco Mode ya wati 105. Soketi inabanwa kwenye wati 142, kasi inapungua kidogo tu na joto linapungua sana. Prosesa hizi zimeundwa kuvumilia hadi nyuzi 95, kwa hiyo ukiona 90 usianze kubomoa. Kipoza hewa cha minara miwili kama Thermalright Peerless Assassin 120 au Noctua NH-D15 kinatosha. Pima kina cha kasha kwanza, NH-D15 ina urefu wa milimita 165. Kasha liwe na wavu mbele. Lile la kioo mbele ni jiko.

FundiRAM
RAM: vipande viwili vikubwa, si vinne vidogo. Kwa Ryzen 9000, AMD inathibitisha DDR5-5600 ukiweka vipande viwili. Ukiweka vinne inashuka hadi 3600, na ukilazimisha juu ya hapo mashine inaweza kuwaka vizuri kisha ikaanguka katikati ya renda usiku. Anza na 2×48, yaani GB 96, ziingie sloti ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Kipimo cha haraka: RAM iwe angalau mara mbili ya VRAM ya kadi.

Ukiwasha mara ya kwanza, skrini itakaa nyeusi dakika kadhaa. Mazabodi inajipima na RAM. Hapa ndipo watu wanazima, wanawasha, wanazima tena, kisha wanairudisha dukani wakisema ni mbovu. Iache. Ikishaingia BIOS washa EXPO (kasi ya RAM iliyopangwa na mtengenezaji), kisha endesha MemTest86 raundi zote nne. Kosa moja tu ni kosa. Rudisha EXPO chini hatua moja upime tena. RAM yenye hitilafu kwenye renda haileti skrini ya bluu kila mara, wakati mwingine inaharibu fremu moja kati ya mia na hujui kwa nini.

Stima_na_Luku
Pawasaplai. Jumlisha: kadi ya 4090 wati 450, prosesa 230, mengine 80, jumla 760. Nunua 1000. Kadi mbili za 3090 ni 700, ongeza 310 za prosesa na mengine, unafika 1010. Hapo ni 1300 hadi 1600, kwa sababu 3090 hurusha miruko mifupi inayozidi sana wati 350 zake na pawasaplai dhaifu inazima ghafla bila ujumbe wowote. Njia nyingine ni kuzibana. Fungua terminali kama msimamizi, andika nvidia-smi -pl 280, kadi haitavuka 280. Ukiwasha upya mashine amri hiyo inafutika, iweke kwenye programu za kuanzia.

Kila soketi ya pini 8 kwenye kadi ipate waya wake kutoka kwenye pawasaplai. Usitumie waya mmoja wenye vichwa viwili kulisha kadi ya wati 350. Ile plagi mpya ya pini 16 ya 4090 na 5090 isukume hadi mwisho, usione mwanya wowote, na usiikunje karibu na kichwa; acha milimita 35 zilizonyooka. Zilizoyeyuka, nyingi hazikuwa zimeingia sawasawa. Na waya za pawasaplai ya moduli usizihamishie nyingine, hata kama zinaingia vizuri. Mpangilio wa pini upande wa pawasaplai haufanani, diski zote zinaungua kwa mkupuo mmoja.

UPS: angalia wati, si VA. Ya 650VA kwa kawaida haifiki wati 400, itaanguka pamoja na umeme. Chukua ya 1500VA, na iwe ya wimbi safi la sine, kwa sababu pawasaplai za kisasa zenye Active PFC zinaweza kukataa wimbi la kuiga pale inapohamia betri. Kazi yake ni kukupa dakika chache uzime kwa heshima, si kurendea gizani.

MtumbaUpdate
Kwa bajeti ndogo: HP Z440 za mtumba zenye Xeon E5-2680 v4, viini 14 na nyuzi 28, zinarenda kwa prosesa bila aibu na RAM yake ya ECC (inayosahihisha makosa) ya DDR4 ni ya bei nafuu kuliko DDR5. Kasoro: kiini kimoja kimoja ni kizito, kwa hiyo kuzungusha modeli nzito kwenye skrini kunakera. Pawasaplai si ya ATX ya kawaida, ukiitaka kubwa zaidi hutaipata kwenye duka la jirani. Hesabu waya za kadi zilizomo kabla ya kulipa. RTX 3060 ya GB 12 yenye wati 170 inakaa vizuri humo. Na mashine yoyote kuukuu kutoka Marekani, chungulia nyuma kama kuna swichi nyekundu ya 115/230. Ikiwa kwenye 115, usiichomeke.

3090 ya mtumba: ina chipu 24 za kumbukumbu, 12 ziko mgongoni mwa kadi, na hizo ndizo huchemka. Muombe muuzaji aendeshe Blender Benchmark huku HWiNFO ikiwa wazi kwenye joto la kumbukumbu. Ikigusa nyuzi 110 kadi inajibana, padi zake za kupitisha joto zimekauka. Si mwisho wa dunia, padi mpya zinairudisha, lakini bei ishuke. Akikataa kuijaribu, na wewe ghairi kununua.

Kokoto3D
Nyongeza ya Intel: Core i9-13900K na 14900K za mtumba ziwe na historia inayoeleweka. Zilikuwa na tatizo la volti lililoharibu baadhi yake taratibu, na marekebisho makubwa yalitoka Agosti 2024 kupitia BIOS. Iliyokwisha haribika, BIOS mpya haiiponyi. Ukinunua, sasisha BIOS kabla ya kurenda chochote.

BiSloti
Na kwa AM5, mazabodi ya zamani ya B650 inaweza isiitambue Ryzen 9000. Nunua yenye kitufe cha BIOS Flashback: flashi ya FAT32, faili lenye jina linalotakiwa na kampuni, tundu la USB lililoandikwa BIOS, bonyeza sekunde tatu. Haihitaji hata prosesa. Pini za AM5 ziko kwenye mazabodi, zimulike kwa tochi ya simu kwa mlalo kabla hujapokea. Iliyopinda inaonekana kwa mng'ao tofauti. Kifuniko cha plastiki kitunze, dhamana mara nyingi inakidai.

MchoraRamani
Shukrani sana. Swali moja: umeme ukikatika nimefika fremu ya 180 kati ya 400?

Stima_na_Luku
Kama ulikuwa unatoa MP4 moja kwa moja, umepoteza zote, faili haifunguki kwa sababu faharasa yake huandikwa mwishoni. Toa PNG au EXR moja moja, video uunganishe baadaye. Kwenye sehemu ya Output ondoa alama ya Overwrite, weka ya Placeholders. Umeme ukirudi bonyeza renda tena, itaruka zilizopo. Ila kwanza panga folda kwa ukubwa na ufute ile fremu yenye baiti 0: hiyo ndiyo ilikuwa ikirendwa umeme ulipokatika, na Blender ikiikuta itadhani imekwisha.