Mjadala: Je, vyama vikubwa vya akiba na mikopo viendelee kuamua kupitia wajumbe?

Mwanzisha mada, Buruburu

Sheria ya Vyama vya Ushirika inavitaka vyama vyetu viitishe mkutano mkuu ndani ya miezi 4 baada ya mwaka wa hesabu kufungwa, na kwa kuwa vingi hufunga hesabu Desemba, kumbi za Nairobi hugombaniwa sana mwezi Machi na Aprili. Sheria hiyohiyo humpa kila mwanachama kura 1 bila kujali wingi wa hisa zake. Hata hivyo, chama chenye makumi ya maelfu ya wanachama hakina ukumbi wa kuwatosha wote, kwa hiyo kanda huchagua wajumbe, na wajumbe ndio wanaoidhinisha gawio, bajeti na kiwango ambacho halmashauri ya chama inaweza kukopa kwa niaba yetu.

Je, utaratibu huu uendelee, au simu sasa zinatosha kumrudishia kila mwanachama kura yake? Mimi naona wajumbe wabaki, ila asiende mjumbe yeyote mkutanoni kabla ya kuketi na waliomchagua na kuandika msimamo wao juu ya kila ajenda nzito. Kwa sasa mjumbe wangu huamua kwa niaba yangu, nami hupata habari gawio likishaingia kwenye akaunti.

Mwalimu mstaafu, Kahawa West

Ndugu yangu, mimi sitaki wajumbe kabisa, na sisi walimu tuna sababu. Mwalimu Sacco ilinunua benki ya Equatorial Commercial, ambayo baadaye ilibadilishwa jina ikawa Spire. Benki hiyo iliandamwa na hasara hadi mwaka 2023, benki ya Equity ilipochukua sehemu ya mali na madeni yake. Kuingia katika biashara ya benki, yenye masharti yake na mahitaji yake ya mtaji, ni jambo zito mno kwa chama cha akiba, na siamini kwamba walimu waliokuwa darasani wangelikubali kwa urahisi kama wangeulizwa mmoja mmoja.

Mjumbe wa kanda, Embakasi

Mwalimu, kwa heshima zote, idadi ya wapigaji kura siyo inayotuangusha. Katika chama chetu ilani huja mapema ikiwa na ajenda tupu, na kabrasha lenyewe tunakabidhiwa mlangoni asubuhi ya mkutano. Ni kurasa nyingi; mizania iko katikati, na maelezo ya mikopo isiyolipika yamesukumwa nyuma kwa herufi ndogo. Mkaguzi wa hesabu husoma taarifa yake kwa haraka, mwenyekiti huuliza ni nani anayependekeza, mkono huinuka safu ya mbele, mwingine huunga mkono, na ajenda huwa imepita kabla sijaufikia ukurasa uliotajwa. Anayesimama kuuliza huguniwa na wajumbe wenzake, kwa sababu chakula kiko tayari na marupurupu hayalipwi mpaka mkutano ufungwe. Mkiwatumia wanachama wote kabrasha hilohilo kwenye simu asubuhi hiyohiyo, mtapata watu wengi zaidi wa kupitisha wasichokisoma.

Mhasibu, Upper Hill

Naungana na mjumbe, na ninaongeza kwamba swali linalotumwa kwa simu huwa limeshaandikwa na ofisi. Mwanachama anaweza kujibu ndiyo au hapana, lakini hawezi kusema, "Punguzeni nusu, kisha mrudi mwakani." Simu inafaa kwa uchaguzi wa viongozi, kwa bajeti haitoshi.

Kuna jambo jingine la kuangalia, nalo ni nani anayekalia kiti. Mwanasaikolojia wa Marekani Irving Janis alieleza mwaka 1972 jinsi kundi lenye mshikamano mkubwa linavyoweza kuzima mashaka ya watu wake lenyewe, na mfano wake mmoja ulikuwa uvamizi dhidi ya Cuba ulioidhinishwa na serikali ya Rais Kennedy wa Marekani mwaka 1961. Mwaka uliofuata, mgogoro wa makombora ya Kisovieti nchini Cuba ulipozuka, Kennedy alikosa kwa makusudi baadhi ya vikao ili washauri wake waseme bila kumtazama usoni. Mwenyekiti wetu, kinyume chake, huongoza hata ajenda ya posho zake mwenyewe.

Mwanachama, Kayole

Samahanini, wakubwa. Ripoti ya uchunguzi wa hesabu za KUSCCO, muungano wa vyama vya akiba na mikopo nchini Kenya, iliyotolewa mwaka 2025, ilitaja shilingi bilioni 13.3 zilizopotea, na humo mlikuwa na akiba za vyama vingi. Katika chama changu sikumbuki ajenda ya kuweka akiba huko kuletwa mbele ya wajumbe hata siku moja. Mnabishania mkutano wa mwaka, ilhali fedha huhamishwa katika vikao vya halmashauri.

Mwanzisha mada, Buruburu

Dada wa Kayole amenisogeza. Basi nayaongeza mawili katika pendekezo langu: hesabu zote ziwafikie wanachama siku 15 kabla ya mkutano, pamoja na ilani, na uwekezaji wowote unaovuka kiwango kitakachoandikwa katika sheria ndogo usifanyike kabla ya kujadiliwa katika vikao vya kanda, kisha kupigiwa kura na kila mwanachama kwa simu. Hapo Mwalimu anapata kura yake, na mhasibu anapata mjadala wake.

Mjumbe wa kanda, Embakasi

Vikao hivyo vya kanda vitalipiwa na nani? Halmashauri itasema hakuna fungu.

Mwanzisha mada, Buruburu

Fungu lipo, ndugu mjumbe. Ukumbi wa kanisa au wa shule siku ya Jumamosi hauna gharama kubwa, na wanachama watajitegemea kwa nauli. Tafuta katika kabrasha la mwaka jana sehemu ya matumizi ya mkutano mkuu, uone mabegi na fulana zenye nembo zilivyogharimu, kisha utuandikie hapa.