Tripu za nchi kavu kwenye meli za kitalii ni usanii mtupu, na wanaoliwa ni abiria wapya

Wakuu salamu. Uzi ni mrefu na nimeuandika damu ikiwa bado inachemka, asiye na muda apite tu hakuna ubaya. Ila kama wewe una mpango wa kupanda meli ya kitalii kwa mara ya kwanza, au kuna ndugu yako keshakata tiketi na anashangilia kwenye grupu la familia, soma mpaka chini maana haya hakuna mtu wa kampuni atakayekwambia kabla hujalipa.

Lalamiko langu ni moja tu, hayo mengine yote yanatoka humohumo. Kampuni za meli zinakuuzia jina la mji kwenye hizo tripu za kutembezwa meli ikifunga gati, halafu zinakuficha masaa.

Kwa wasiojua, nauli ya meli inakupa chumba, msosi na kusafirishwa bandari mpaka bandari, basi. Meli ikifunga gati kushuka ni bure, unagonga kadi yako mlangoni unatoka, ukirudi unagonga tena wanakagua begi unaingia. Hulazimiki kununua chochote kwa mtu yeyote. Sasa hilo la kwamba hulazimiki ndo hawalisemi kwa sauti, tangu siku umelipa ni meseji juu ya meseji, nunua tripu ya Roma nafasi zinaisha, nunua Florence kabla bei haijapanda, ukiingia ndani kuna kaunta yake kabisa na foleni, na jioni kuna mtu anapanda jukwaani na slaidi eti anawaelezea bandari ya kesho. Ukisikiliza vizuri nusu ya hotuba ni maduka ya vito na saa, na hayo maduka anayoyataja yamelipa ili yatajwe. Mimi nilidhani ni mtu wa taarifa kumbe ni mtu wa mauzo.

Haya twende kwenye masaa. Kwenye tangazo wanaandika ROMA herufi kubwa, pembeni kwa herufi za sisimizi wanaandika Civitavecchia. Civitavecchia sio Roma jamani, ni kilomita 70 na kitu huko, basi linakula kama saa na nusu kwenda, kurudi ni hivyohivyo au zaidi foleni ikikolea. Florence yao ni Livorno, kilomita kama 90. Paris yao ni Le Havre, karibu kilomita 200. Berlin yao ndo kichekesho kabisa, unashukia Warnemünde huko pwani na unaanza safari ya masaa kama matatu kwenda, matatu kurudi. London ni Southampton, Bangkok ni Laem Chabang. Sina ugomvi na jiografia, meli haipandi nchi kavu naelewa. Ugomvi wangu ni ile karatasi ya tripu inayosema "masaa 10 Roma" wakati kati ya hayo 10 matatu au zaidi uko kwenye kiti cha basi, jingine limeishia kusubiriana kwenye ukumbi wa maonyesho mkibandikwa stika za namba vifuani kama mizigo ya kwenye ndege, jingine ni chakula cha mchana ambacho hata hukukitaka, na lingine ni duka. Kuna duka kila mara, msiulize kwa nini. Basi linasimama, mwongozaji anasema hapa kuna vyoo, na ili ufike chooni lazima upite katikati ya mikoba ya ngozi.

Halafu someni maneno yao kwa makini. Wakiandika mtapata muda wa kupiga picha mbele ya Colosseum, ule uwanja wa kale wa Roma, hamuingii. Wakiandika mtaona, mtaona kupitia dirisha la basi. Kuingia ni pale tu palipoandikwa kwamba kiingilio kimo ndani ya bei, na kama hakijaandikwa hakimo, usijipe moyo. Mama mmoja mtu mzima tuliyekaa naye siti moja alishuka anatafuta mlango wa kuingilia Colosseum, akaambiwa mama una dakika 20 na tiketi za humo zina saa yake na jina lako, huwezi kuja tu ukanunua saa hizi. Alirudi kwenye basi hajasema neno. Mimi nilisema kwa niaba yake, na nilisema sana.

Sasa kilichonitoa roho ni Florence. Tripu ina picha ya sanamu ya Daudi ya Michelangelo, kubwa, ukurasa mzima. Tumefika Livorno siku ya Jumatatu. Wanaojua wameshaanza kucheka. Jumatatu makumbusho ya Accademia yamefungwa, na ndiko sanamu yenyewe iliko tangu 1873. Uffizi, makumbusho mengine ya hapohapo, nayo Jumatatu yamefungwa. Tukapelekwa uwanjani, Piazza della Signoria, mwongozaji ananyoosha mwavuli wake juu anasema hapo mbele yenu ni Daudi, watu simu juu, picha, selfi, na hakuna aliyewaambia kwamba ile ni nakala iliyowekwa pale 1910. Nilimuuliza pembeni, akaniambia kwa upole kabisa, ndiyo ni nakala, ile ya kweli iko ndani na leo wamefunga. Yeye simlaumu, ni kibarua wa kampuni ya huko mjini, kapewa kundi la watu arobaini na ushee na ratiba ya dakika kwa dakika. Lakini kampuni ya meli? Ratiba za hizi meli zinatoka mwaka mzima au zaidi kabla, walijua tarehe, walijua ni Jumatatu, na makumbusho kufungwa Jumatatu sio siri ya serikali. Bado wakaweka picha ya Daudi. Hapo utaniambia ni bahati mbaya?

Na hili watu wengi hawalijui, tripu "ya meli" sio ya meli. Meli haina mabasi Italia wala waongozaji Ugiriki. Wanakodi kampuni za hapohapo bandarini, wanaongeza cha juu chao, wanakuuzia. Unaweza kukuta basi la kampuni ileile limepaki pale nje linauza safari ileile kwa bei nyingine. Sasa wanachokiongeza ni nini hasa? Ni kitu kimoja, na ni cha kweli sitawanyima haki yao: kama tripu uliyonunua kwao imechelewa, meli inakusubiri, au ikishindikana wanabeba gharama ya kukufikisha bandari inayofuata. Ukienda mwenyewe au na mtu wako wa pembeni, saa ikifika wanaondoka, na usidhani wanatania. Machi 2024 kuna abiria 8 waliachwa São Tomé, kisiwa cha Afrika Magharibi huko, tripu yao binafsi ilichelewa, walinzi wa pwani wakawapeleka kwa boti mpaka ilipo meli, bado iko palepale imetia nanga, nahodha akakataa wasipande. Pasipoti zao zikaachwa kwa wakala wa bandarini. Ikabidi waikimbize meli nchi kwa nchi, wakaenda kuisubiri Gambia ikashindwa kutia nanga huko, mpaka Senegal ndo wakaipata. Habari ilizunguka dunia nzima.

Kwahiyo bidhaa yenyewe ni kusubiriwa. Mngetuambia hivyo tu, jamani! Semeni bei hii ni ya basi na hii nyingine ni bima ya kutoachwa, mtu mzima aamue. Badala yake wanauza woga. Yule dada wa kaunta niliposema nataka kwenda mwenyewe Athens alinikazia macho akasema "ni hatari, unaweza kuachwa". Kuachwa Piraeus, bandari ya Athens?! Piraeus kuna metro, kuna njia ya zamani inakufikisha Monastiraki, katikati ya mji, chini ya nusu saa, na ile njia ya metro namba 3 imefika bandarini tangu 2022. Ukitoka asubuhi ukarudi mchana kweupe unaachwaje? Ile ni bandari ya kwenda kwa miguu yako na kofia yako.

Mtazamo wangu sasa, na mnaweza kupinga. Bandari iliyo mbali na mji, mfano Warnemünde au Le Havre, ukitaka lazima uende mjini basi nunua ya meli, gharamika, meza wembe, maana basi likiharibika barabarani ni shida yao sio yako. Bandari ambayo mji uko palepale au kuna treni ya uhakika, usiwape hela yako. Hata Civitavecchia treni ipo, inachukua kama saa moja na inasimama San Pietro, karibu na Vatican, mradi ujiwekee masaa mawili ya ziada ya kurudia na sio dakika 20. Na saa ya mwisho iliyoandikwa sio ya meli kuondoka, ni ya wewe kuwa ndani, kwa kawaida nusu saa kabla na kwingine saa zima. Wengi wanachanganya hapo halafu mnawaona YouTube wanakimbia gatini na mifuko huku watu juu ya deki wanashangilia.

Saa nayo, saa ipi? Simu ikishika mtandao wa nchi kavu inajibadilisha yenyewe, meli inaweza kuwa bado iko na saa yake. Cozumel kule Mexico hawasogezi saa majira ya joto, meli zinazotoka Florida zimesogeza, kwahiyo miezi mingi ya mwaka simu yako inaweza kukudanganya saa zima. Vaa saa ya mkononi, iweke saa ya meli, usiiguse.

Turudi kwenye hasira yangu. Santorini, kisiwa cha Ugiriki. Pale hakuna gati la meli kubwa, meli inatia nanga katikati halafu mnashushwa kwa boti. Hilo nalo hawalielezi wakati wa kukata tiketi, na kuna watu wenye viti vya magurudumu waligundua asubuhi ileile kwamba hawashuki. Wenye tripu za meli wanaitwa kwanza, wanapelekwa bandari ya Athinios yalipo mabasi, sisi wengine tunapewa namba tunakaa. Nilipoiangalia saa ya kuitwa na saa ya kurudi nikaona robo ya siku imekatwa kimyakimya. Na wale walioitwa kwanza wasijisifu, maana mwisho wa tripu wanaachwa Fira, mji ulio juu ya mwamba, washuke wenyewe, ama kwa vile vibanda vya kwenye waya ama ngazi mia tano na zaidi ambazo mnagawana na punda na mavi yao. Foleni ya vibanda siku yenye meli nyingi ni balaa, jua linakuchoma na boti ya mwisho haikujui.

Viza pia naomba niguse harakaharaka, sisi wa pasipoti zinazohitaji viza. Ukianzia Italia, ukaenda Uturuki, ukarudi Ugiriki, umetoka Schengen, zile nchi za Ulaya zenye viza moja, na umeingia tena. Viza ya kuingia mara moja haikutoshi, na wewe kulala chumba kilekile melini hakubadilishi kitu. Wanaweza kukukatalia kupanda mapema kabisa siku ya kwanza, na hela hairudi.

Na hela kurudi kwenyewe kuna mambo yake. Meli ikiruka bandari kwa sababu ya upepo, mkataba unamruhusu nahodha, huna kesi. Tripu uliyonunua kwao wanakurudishia, pamoja na ushuru wa bandari, nauli hawagusi. Uliyonunua nje inategemea uliandikiana nini na mwenye basi, kwahiyo kabla hujalipa mtu wa nje muulize kwa maandishi: meli isipofika hela yangu inakuwaje? Akijibu kwa kuzungukazunguka achana naye, wapo wengi wanaorudisha yote.

NYONGEZA: Mkuu hapo chini anayesema "ungesoma masharti", nimeyasoma, tena yote. Hakuna sehemu yameandikwa kwamba Jumatatu Daudi hayuko. Ninachotaka ni mstari mmoja kwenye kila tripu: masaa ya basi, masaa ya miguu, kipi kimefungwa siku hiyo. Wana kompyuta zinazojua nimekunywa soda ngapi deki ya 11, hawashindwi hilo.

NYONGEZA 2: Mnaouliza inbox kama nilirudishiwa. Nilijaza fomu mapokezi usiku uleule, wakanijibu tumepokea maoni yako. MAONI. Nikaandika barua pepe nikaambatanisha ile picha ya tangazo na ratiba ya makumbusho, wakajibu kwamba picha ni "kwa madhumuni ya kuonyesha mandhari ya mji". Nikaandika tena, sasa wamenipa vocha ya kununulia tripu nikipanda meli yao tena, mwisho wa kuitumia mwakani. Kama kuna mdau aliyewahi kupata hela taslimu kwa kesi ya namna hii aseme alipitia wapi, benki au wapi, maana kadi niliyolipia ninayo na risiti zote ninazo.