Naomba ushauri: picha ya Mwana Mpotevu imeanza madoa

Ndugu zangu, naishi Uholanzi. Bibi mwenye nyumba wangu kanipa picha ya Mwana Mpotevu iliyochapwa kwenye karatasi, ile aliyoichonga msanii Mholanzi Lucas van Leyden kwenye bamba la shaba mnamo 1510 hivi. Kijana kapiga magoti, baba kamwinamia. Kila nikiitazama namkumbuka mzee wangu, miaka sita sijamwona.

Herufi L, alama ya jina lake, ipo. Kingo zimekatwa, kwa hiyo alama ya bamba kuzama kwenye karatasi siioni. Nikiiinua dirishani naona mistari ya karatasi ya mkono. Ukingo wa juu umebandikwa kwa gundi kwenye kadibodi, na madoa ya kahawia yanaongezeka.

Je, niibandue mwenyewe au nitafute fundi wa karatasi? Na nitajuaje kama ni chapa ya zamani au nakala ya baadaye? Kuiuza siuzi, nataka isiharibike tu.