Roboti ya kuchomelea matangi ya transfoma: je, itaondoa uvujaji?

FundiTangi
Ndugu mafundi, salaam. Karakana yetu hutengeneza matangi ya transfoma za kilovolti 11, zile za kuwekwa juu ya nguzo. Karibu kila wiki tunapata tangi linalovuja: tukilijaza hewa na kupaka maji ya sabuni kwenye mishono, mapovu hutokea pembeni, mahali ambapo mchomeleaji hulazimika kusimamisha tochi ya kuchomelea, kugeuka na kuanza upya. Mwenye karakana anataka kununua roboti yenye mihimili sita, yaani mkono wenye viungo sita vinavyozunguka. Je, tatizo litakwisha, au tutakuwa tumelihamisha tu?

MishonoYaPwani
Ndugu FundiTangi, kwa pembe hizo roboti inasaidia kweli, mradi inunuliwe pamoja na meza ya kuzungushia kazi. Meza na mkono wa roboti vikienda kwa pamoja, tangi hugeuzwa chini ya tochi, mshono hubaki umelala, na pembe huzungukwa bila kukata moto. Hapo ndipo uvujaji mwingi unapopungua, kwa sababu mahali moto unapozimwa huweza kubaki kishimo chenye ufa au tundu.

Hata hivyo, roboti haioni. Mchomeleaji mzoefu akikuta mwanya wa milimita mbili hupunguza mwendo, huyumbisha tochi kidogo na kuuziba bila hata kuwaza, ilhali roboti hupita palepale ilipofundishwa, hata kama bati limehama, na mshono wote ukaangukia upande mmoja. Kwenye mapezi ya kupoozea, ambayo bati lake ni jembamba kama milimita 1.2, itatoboa kabla hujaifikia swichi. Kwa maoni yangu, fedha za kwanza ziende kwenye gilotini (mashine ya kukatia bati), mashine ya kukunjia na jigi (kifaa cha kushikilia kazi mahali pake), ili mabati yakutane bila mwanya.

Waya1.0
Naongeza, na kwa sehemu napinga. Si kweli kwamba roboti zote ni vipofu. Ipo njia ya kuigusisha ncha ya waya wa kuchomelea kwenye bati, ukiwa na umeme mdogo, ili roboti ijue tangi limekaa wapi kabla ya kuwasha moto. Ipo pia njia ya kufuata mshono kwa kusoma mabadiliko ya mkondo wa umeme tochi inapoyumba, lakini hiyo hufaa zaidi kwenye chuma kinene. Kwa bati la mapezi utahitaji kamera ya leza, ambayo si ya bei nafuu. Lakini yote hayo huielekeza tochi tu. Mwanya mpana utabaki mwanya mpana.

FundiTangi
Nawashukuru. Leo asubuhi nimepitisha fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia mwanya) kwenye matangi matatu ambayo hayajachomelewa. Mwanya wa pembe tatu za kwanza uko chini ya nusu milimita, lakini ule wa pembe ya mwisho, bati linapokutana na mwanzo wake, umefika milimita 1.8 kwenye tangi moja na kuzidi 2 kwenye mengine mawili. Kumbe kosa dogo la kila mkunjo hujilimbikiza huko, na mafundi wetu wamekuwa wakiliziba kimyakimya miaka yote hii. Nimemwomba mwenye karakana asisaini oda ya roboti mpaka turekebishe kizuizi cha mashine ya kukunjia, kile kinachopanga mahali pa mkunjo, na kupima matangi mengine kumi.