Star Trek: tufuate miaka ya hadithi au miaka ya kurushwa hewani?

Bahari_Kuu

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu. Mimi na binti yangu wa kidato cha tatu tumekusudia kuitazama Star Trek yote, yaani tamthilia na filamu zake za safari za anga za juu, na tumekwama kabla hatujaanza. Yeye anataka tufuate miaka ya hadithi yenyewe, yaani tuanze na Enterprise, ambayo matukio yake ni ya karne ya 22, kisha Discovery na Strange New Worlds, ndipo tumfikie Nahodha Kirk. Mimi naona afadhali tuanze na tamthilia ya kwanza, ile ya Kirk ya 1966, ingawa nachelea kwamba picha zake za zamani zitamchosha mapema. Naomba ushauri wenu pamoja na sababu, kwa kuwa binti huyu hakubali jambo lisilo na sababu.

Mlinzi_wa_Zamu

Ndugu Bahari_Kuu, fuateni mpangilio wa kurushwa hewani, wala si kalenda ya hadithi. Enterprise ilianza kurushwa mwaka 2001, na waandishi wake walijua kwamba mtazamaji amekwisha kuwajua Wavulcan na Waklingon, ambao ni viumbe wa sayari nyingine, pamoja na Shirikisho la Sayari, muungano ambao wahusika wakuu huutumikia. Utamu wake mkubwa ni kuona jinsi mambo unayoyafahamu yalivyoanza. Sehemu yake ya mwisho, ya mwaka 2005, inasimuliwa kutoka ndani ya chombo cha Nahodha Picard, katikati ya matukio ya The Pegasus, ambayo ni sehemu ya msimu wa saba wa The Next Generation, tamthilia ya Picard huyo. Binti atakayeitazama kwanza ataagana na wahusika aliowapenda akiwa kati ya watu asiowajua, na hilo naliona ni kumdhulumu.

Isitoshe, mpangilio wa miaka ya hadithi hauwezekani bila kukatakata. Discovery inaanza mwaka 2256, lakini mwishoni mwa msimu wa pili chombo kinaruka zaidi ya miaka 900 mbele. Mkifuata kalenda kwa uaminifu, itawabidi muiache hapo, mtazame karibu kila kitu kingine, kisha mrudi kuimalizia wakati mmekwisha kuwasahau wahusika.

Msomaji_wa_Usiku

Nakubaliana na ndugu aliyetangulia kuhusu kanuni, ila hofu ya mzazi huyu ni ya kweli na haifai kupuuzwa. Tamthilia ya kwanza ina sehemu 79, na nyingi za msimu wa tatu ni dhaifu. Kwa kuwa kila sehemu inajitosheleza, mnaweza kuchagua bila kupoteza uzi. Msiikose Balance of Terror, ambamo Waromulan, maadui wa Shirikisho, wanaonekana kwa mara ya kwanza, wala The City on the Edge of Forever, ambayo kwangu ndiyo bora kuliko zote za enzi ile. Space Seed ni ya lazima kwa sababu filamu ya 1982, The Wrath of Khan, ni mwendelezo wake. The Menagerie itazameni kabla ya kumkuta Nahodha Pike, aliyekiongoza chombo kabla ya Kirk, katika Strange New Worlds, kwani uzito wote wa mhusika yule katika tamthilia hiyo mpya unatokana na kujua yatakayompata.

Tena anzeni na The Man Trap, iliyokuwa ya kwanza kurushwa, tarehe 8 Septemba 1966. Humo kiumbe kigeni anajigeuza mwanamume na kumsemesha Luteni Uhura, ofisa wa mawasiliano wa Kirk, kwa Kiswahili. Nadhani kijana wa kwetu atakaa sawasawa kwenye kiti akisikia hivyo.

Bahari_Kuu

Nawashukuru sana. Hoja ya Discovery imemshinda, amekubali. Amebakiza swali moja: je, tumalize The Next Generation yote ndipo tuanze Deep Space Nine, au tuzichanganye?

Mlinzi_wa_Zamu

Zichanganyeni kuanzia katikati ya msimu wa sita wa The Next Generation. Sehemu iitwayo Chain of Command, ya Desemba 1992, inawaonyesha Wakardassia, maadui wengine wa Shirikisho, kwa ukatili wao wote, na wiki chache baadaye, Januari 1993, Deep Space Nine inaanza katika kituo ambacho Wakardassia hao wametoka kukiachia. Sehemu ile ya kwanza inafunguka kwa vita vya Wolf 359, hivyo ni lazima muwe mmekwisha kuona The Best of Both Worlds, sehemu ya The Next Generation inayovihusu vita hivyo, la sivyo hasira ya Sisko, mkuu wa kituo, mbele ya Picard haitaeleweka. Baadaye Worf, ofisa Mklingon wa Picard, anahamia kituoni katika msimu wa nne, na filamu ya First Contact ya 1996 inamkuta akiongoza chombo cha Defiant. Kwa hiyo filamu hiyo ingoje mpaka msimu huo uishe.

Deep Space Nine msiirukeruke. Vita na Dominion, dola adui, vinajengwa kwa misimu kadhaa, na jambo dogo la msimu wa pili hurudi kudai haki yake katika wa sita. Voyager inaweza kufuata baada yake bila hasara, kwa kuwa chombo chenyewe kimepotelea upande wa mbali wa galaksi.

Msomaji_wa_Usiku

Naongeza moja tu: tamthilia iitwayo Picard isitangulie Voyager, kwa sababu Seven of Nine ni mhusika mkubwa humo na historia yake yote iko kule. Lower Decks iwekeni mwishoni kabisa, maana vichekesho vyake karibu vyote vinategemea mambo mtakayokuwa mmeyaona.

Bahari_Kuu

Nimeyaandika yote. Tunaanza Ijumaa na The Man Trap.